Mhariri, siku zetu za kawaida pia ni habari

Kwa Mhariri,

Pokea salamu kutoka Nakuru. Nimesoma gazeti la Kiswahili tangu shule ya msingi, wakati mwalimu wetu alikuwa anakata kurasa na kuzibandika kwa ukuta wa darasa, na leo nimeamua kuandika juu kuna kitu kimenikaa rohoni. Wacha niseme moja kwa moja halafu nieleze. Sisi wasichana wa kawaida, wenye tunaamka tunaenda kazi na jioni tunarudi tumechoka, hatuko gazetini. Tunaingia tu tukiuawa, tukishinda taji la urembo ama tukiachwa na mtu maarufu. Siku zetu zingine zote ni kama hazikuwako.

Mimi nafanya kazi saiba hapa mjini, kutoa kopi, kuprinti, kujazia watu fomu za mtandaoni na kupiga picha za pasipoti. Jioni nikishapika naandika daiari yangu Facebook. Naandika stima ilipotea saa ngapi, nani alinifurahisha, nani aliniuma, mshahara umeingia ama bado unangojwa, tumbo la mwezi lilinishika nikiwa na laini ya wateja mpaka mlangoni. Wenye wananisoma wengi ni wasichana wa umri wangu, wa hapa, wa Naivasha, Molo, Gilgil, wengine Kericho na Kisumu, na wengine wako Saudia wanafanya kazi za nyumba, wanasoma usiku wakimaliza kazi na wananiambia wanataka tu kusikia vile kwetu kunaendelea.

Kuna watu hawapendi. Shangazi yangu aliniita akaniketisha akasema msichana hawezi kuanika maisha yake nje hivyo, atakosa bwana. Wanaume wengine huja kwa komenti kusema eti huyu hana kazi, aende akapikie mtu. Mwanaume akiandika vile timu yake ilifungwa na vile alishindwa kulala hakuna mwenye anamwambia hana kazi. Shangazi namheshimu na najua anaongea kwa mapenzi, lakini hapo hatukubaliani, na nitakuonyesha ni kwa nini.

Kuna siku alikuja dada mmoja anataka picha ya kuomba kazi. Nikamketisha kwa kile kiti chetu mbele ya kitambaa cha buluu, nikamwambia achekelee kidogo, akafunga mdomo akaukaza mpaka midomo ikapotea. Nilijua kabla hajasema. Tulipomaliza alinivuta kando akaniuliza polepole kama kompyuta inaweza kumpaka meno rangi nyeupe kwa picha ingine ya kuweka WhatsApp. Mimi pia niko na hayo meno, ya kahawia, na wengi wenye tumezaliwa pande hizi za Nakuru, Njoro, Gilgil na Naivasha tuko nayo, na tukienda mbali watu wanadhani hatupigi mswaki.

Hiyo jioni niliandika kuhusu meno, yeye sikumtaja. Niliandika vile sekondari nilikuwa nacheka nikifunika mdomo na mkono, na vile nilikuja kujua baadaye kwamba kitu inaleta hiyo rangi ni madini inaitwa floraidi, iko kwa maji ya visima na ya kuchimba, inatoka kwa mawe ya volkano ya hili Bonde la Ufa, na Shirika la Afya Duniani linasema isipite miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji ya kunywa lakini kuna visima huku vimepita hapo mbali sana. Nikaandika kwamba meno yanaharibika yakiwa bado yanajiunda ndani ya ufizi, mtoto akiwa mdogo, kwa hivyo mtu mzima hata apige mswaki aje hiyo rangi haitoki, na mtu mzima mwenye amehamia Nakuru juzi hayo maji hayatamgeuza meno. Kuchemsha maji hakusaidii, maji yanapungua na floraidi inabaki ndani. Chenye kinasaidia ni filta, na moja ya zile zinafanya kazi inatumia mifupa ya ng'ombe iliyochomwa, hizo ndizo Dayosisi ya Katoliki ya Nakuru ilisaidia kusambaza huku kwetu. Maji ya mvua pia ni mazuri kwa hii shida, mtu akiwa na mabati safi na tangi.

Mhariri, usiku huo simu haikunyamaza. Akina mama wenye watoto wadogo wanauliza filta inapatikana wapi na ni pesa ngapi na mifupa inabadilishwa baada ya muda gani, msichana mmoja akasema tangu darasa la saba hajawahi kupigwa picha akiwa amefungua mdomo, mwingine akasema familia ya mchumba wake ilimkataa ikidhani ni ugonjwa wa kurithi. Mama mmoja akaandika, nimekuwa nikimchapa huyu mtoto kwa sababu ya meno. Niliisoma hiyo nikalia. Sasa niambie, hiyo ni porojo ya msichana asiye na kazi? Hapo kuna habari ya afya na ya maji na ya vile ndoa zinavunjika, na yote ilianza na dada mwenye hakutaka kuchekelea kwa picha.

Ama chukua mwezi wa sita. Wengi wanajua 30 Juni ndiyo mwisho wa kupeleka ritani za ushuru, lakini ukitaka kuona vijana wa hii nchi wako aje, kaa saiba hiyo wiki. Wanakuja wenye walichukua PIN ya KRA, ile namba ya mlipa ushuru, kwa sababu ya mkopo wa wanafunzi wa HELB ama kwa sababu mahali waliomba kazi waliitishwa, kazi yenyewe hawakupata, na lazima waingie iTax, tovuti ya ushuru, waseme mwaka jana hawakupata hata shilingi. Mtandao unazunguka, unazunguka, watu wamesimama wakijipepea na vitambulisho, na kuna wenye ndio wanajua siku hiyo kwamba wamepigwa faini ya shilingi 2,000 juu mwaka uliopita hawakuja. Mtu hana kazi na anadaiwa kwa kutosema kwamba hana kazi! Mimi naona hiyo ni kuumiza watu na niliandika hivyo, na nitaendelea kuandika. Niliandika pia vile nilirudi nyumbani mgongo ukiuma na sauti imeisha, na wasichana wengine wa saiba za Eldoret na Kakamega wakasema hata wao, na tukaanza kupeana njia ya kuingia mapema kabla mtandao haujajaa.

Usifikiri ni kilio tu. Kuna mvua ya kwanza, ile huja vumbi ikiwa imetuchosha tangu Januari, unatoka nje unakuta kila mtu wa ploti amesimama mlangoni tu. Kuna siku nilinunua mtungi wa gesi wa kilo 6, pesa yangu mwenyewe, nikaachana na jiko la makaa na macho mekundu, niliandika posti ndefu kuhusu huo mtungi na watu walinipongeza vile wanapongeza mtu amejifungua. Kuna zamu yangu ya kupokea pesa ya chama. Kuna mama mwenye nyumba, mwenye siku ya tano ya mwezi ni mkali hakuna mfano, na wiki ya pili ananiletea avokado kwa ndoo hata hasemi kitu. Na kuna Jumapili mchana, ibada imeisha, nguo nimefua, rafiki yangu wa karibu amesafiri kikazi na sijui atarudi mwaka gani, na upweke unakaa hapo kwa kitanda na mimi. Hiyo pia naandika, juu najua kuna mwingine kwa chumba chake anadhani ni yeye peke yake.

Mambo ya watu siyatoi. Kwa saiba tunaona vyeti vya kifo, barua za kufutwa kazi, matokeo ya hospitali, na hivyo vitu ni vya mwenyewe, hata Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inasema hivyo, lakini hata bila sheria mtu amekuamini na karatasi yake. Sitaji jina, sitaji mwajiri, na mahali nilikuwa naandika nikishatoka. Wasichana wengi tunafanya hivyo na sababu unaijua.

Hapo ndipo kuna kitu kinaniuma zaidi. Januari 2024 wanawake walikuwa wanauawa na magazeti yote yakajaa, mpaka tarehe 27 watu wakajaa barabarani Nairobi na miji mingine kusema imetosha. Nilisoma kila kitu. Nilichoona ni kwamba mara nyingi msichana anapewa ukurasa akiwa ameshakufa, na picha ni ile imetolewa Facebook yake, amevaa vizuri siku fulani alikuwa na furaha, na chini ya picha watu wanaulizana alikuwa anafanya nini huko na alikuwa anakula pesa ya nani. Hakuna mwenye anajua alikuwa anaamka saa ngapi, alikuwa analipia nani karo, alikuwa anaogopa nini njiani akitoka kazi. Hayo yote mara nyingi alikuwa ameyaandika mwenyewe, na hakuna mwenye alikuwa anamsoma. Ingekuwa watu wamezoea kusoma siku za wasichana wakiwa hai, sidhani ingekuwa rahisi hivyo kuwatukana wakiwa wamekufa.

Kwa hivyo ninaomba, na ninaomba kwa heshima, mtupe nafasi. Nusu ukurasa kwa wiki inatosha, msichana mmoja aandike wiki yake, kwa Kiswahili chake, msikisafishe mpaka kisikike kama taarifa ya wizara. Jina lifichwe akitaka. Malipo hata yakiwa ya bando na nauli si mbaya, kazi ni kazi. Na tafadhali msituweke kwa ukurasa wa mapenzi, juu kila kitu cha msichana kinapelekwa huko, hata akiandika kuhusu maji.

Waandishi mkitaka nitawatafutia. Namjua mmoja anauza mitumba na anaweza kukueleza vile beli hufunguliwa alfajiri na vile roho inadunda kabla kamba haijakatwa. Namjua mwingine anafunza chekechea huko Rongai ya Nakuru. Na kuna wa maua, Naivasha, anafanya kwa upande wa kupanga waridi kwa kipimo cha shina, zile zinapelekwa Ulaya za Valentine. Huyo ndiye ningeomba muanze naye na muanze mapema, juu kuanzia mwisho wa Januari wanaingia ovataimu na hapo hata simu hatashika.

Msomaji wenu,
Section 58, Nakuru