Barua ya muuguzi isikae kwa ajenti

Mhariri,

Nimetoka zamu ya usiku hapa Minnesota na kabla sijalala nataka kuwaandikia wauguzi wenzangu wa Bungoma na Kakamega wanaongoja viza kupitia kwa maajenti. Karibu kila wiki mmoja wao hunipigia simu. Nikimuuliza tarehe yake ya kipaumbele ni ipi, hajui. Barua ya kuidhinishwa kwa ombi lake je? "Iko kwa ajenti." Hapo moyo hunipasuka, kwa sababu hata mimi nilijibu hivyo hivyo.

Mwajiri wa Marekani akimtaka muuguzi, hupeleka ombi kwa idara ya uhamiaji ya kwao, na siku ombi linapopokelewa ndiyo tarehe yako ya kipaumbele. Grini kadi za kazi ni takriban 140,000 kwa mwaka, dunia nzima, na ndani ya hizo wamo waume, wake na watoto. Ndiyo maana kila mwezi wizara yao ya mambo ya nje hutoa jedwali: waliowahi kabla ya tarehe fulani wasonge, wengine wakae.

Tarehe yangu ni 14 Juni 2022. Ombi liliidhinishwa 22 Novemba mwaka huo huo, na wakati huo kundi letu la EB-3, yaani kundi la grini kadi za kazi ambalo wauguzi huwekwa, halikuwa na foleni kwa Wakenya. Ningekuwa na barua mkononi, ningeanza hatua ya ubalozi mara moja. Lakini barua pepe iliyoandikwa kwenye fomu ilikuwa ya ajenti. Nilimpigia Desemba, akasema tuvute subira. Januari, subira. Mwishoni mwa Aprili nikapanda basi la usiku hadi Nairobi, nikakaa kwenye benchi la ofisi yake tangu asubuhi mpaka msichana wa mapokezi akanihurumia, akaniletea faili. Barua ilikuwa humo. Ilikuwa imeshatobolewa matundu mawili ya faili, na tarehe ya Novemba juu yake. Miezi mitano! Niliipiga picha kwa simu huku mikono ikinitetemeka.

Jedwali la Mei 2023 likaweka mpaka kwenye 1 Juni 2022. Nilipitwa kwa siku kumi na tatu. Nilizihesabu kwa kidole kwenye kalenda ya duka la dawa iliyoning'inia jikoni, nikarudia kuzihesabu. Kufika Agosti mpaka ulikuwa umerudishwa nyuma hadi 1 Mei 2020, na mkopo wa sacco niliochukulia ada za mitihani uliendelea kukatwa kwenye mshahara wangu.

Septemba kijana wangu akatimiza miaka 21. Ajenti akaniambia huyo si mtoto tena, nimtoe kwenye fomu ili nisiharibu safari ya wadogo zake. Kwa siku mbili sikuweza kumtazama kijana usoni. Muuguzi niliyesoma naye, ambaye sasa yuko Texas, ndiye aliyeniunganisha na wakili, na wakili akauliza swali moja tu: ombi lilikaa kwa idara siku ngapi? Nikamtumia ile picha. Ina tarehe ya kupokelewa na tarehe ya kuidhinishwa, na kati yake ni siku 161. Sheria ya Marekani ya mwaka 2002 inayolinda umri wa watoto inaruhusu siku hizo zitolewe kwenye umri wa mtoto ambaye hajaoa wala kuolewa. Januari 2024 mpaka ulipofika 1 Agosti 2022, zamu yetu ikawadia, na kwa hesabu ya sheria kijana wangu alikuwa na miaka 20. Machi tuliingia ubalozini Gigiri sote. Ada ni dola 345 kwa kila mtu, nami sijawahi kulipa pesa kwa furaha kama siku ile.

Sisemi maajenti wote ni wabaya. Wapo waliowavusha watu vizuri. Lakini wewe unayengoja, dai nakala ya barua hiyo leo, na popote fomu inapouliza barua pepe, iwe yako. Ajenti akikwambia mtoto ameshapita umri, muulize amehesabu vipi.

Na kwako Mhariri, ninaomba jambo moja. Jedwali hilo hutolewa bure kwenye mtandao, lakini kwa Kiingereza cha kiofisi kinachomtisha hata aliyesoma. Litengeeni nafasi ndogo kwenye ukurasa wa kazi kila mwezi, mstari mmoja tu: EB-3, Kenya, tarehe fulani. Mtu wa Bungoma ataikata kwa mkasi na kuibandika karibu na kalenda yake.

Muuguzi,
Minnesota, Marekani