"Jikaze" si tiba ya kiwewe

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika safu yako. Tarehe 1 Februari 2020 dada yangu alikuwa Uwanja wa Majengo hapa Moshi, siku ile watu walipokanyagana wakikimbilia mafuta ya upako na wenzetu 20 wakapoteza maisha. Yeye alirudi nyumbani na kandambili moja na mchubuko wa goti. Tukamshukuru Mungu, tukajua yamekwisha.

Hayakuwa yamekwisha. Daladala ikijaa alishuka, hata kama nauli ameshalipa. Sokoni Mbuyuni mtu akimsukuma kidogo kwa nyuma, alishika nguzo ya kibanda akahema kama aliyepandishwa mlima. Usiku alilala taa ikiwaka na mlango wazi. Nasi tulimwambia kila siku: jikaze, yaache hayo, wenzako wamezikwa. Naona aibu kuandika hivyo, lakini ndivyo tulivyosema. Kwenye zahanati moja, wiki ya pili, alipewa vidonge vya usingizi, basi. Wakati Shirika la Afya Duniani lilishaelekeza tangu 2013 kwamba dawa za kundi la benzodiazepini, zile za kutuliza na kuleta usingizi, asipewe mtu kwa ajili ya mshtuko ndani ya mwezi wa kwanza.

Kilichomsaidia ni kusimulia. Mshauri nasaha alimwomba aeleze siku ile tangu asubuhi: kanga aliyovaa, msongamano, geti, mkono wa mtoto uliomng'ang'ania sketi. Mara ya kwanza hakufika getini. Alilia, akaachwa alie. Wiki iliyofuata akaanza upya, akafika mbali zaidi. Baadaye walipita pamoja nje ya uwanja asubuhi, hakuna mtu. Kisha wakaenda sokoni mapema kabla hapajajaa. Kisha saa ya watu wengi. Nilichojifunza ni kwamba ukiikwepa hofu unailisha. Mwili lazima uonyeshwe, tena na tena, kwamba hatari imepita.

Na hili si geni hapa kwetu. Utafiti uliochapishwa 2014 ulihusu watoto yatima 64 wa Moshi. Walikaa vikao 12 vya kikundi, na walioviendesha hawakuwa madaktari wala wanasaikolojia, ni watu wa kawaida waliofundishwa na kusimamiwa. Dalili za kiwewe na za majonzi zilipungua, na mwaka mmoja baadaye nafuu ilikuwa bado ipo. Baadaye kazi hiyo ikapanuliwa hadi watoto 640, hapa na Bungoma, Kenya.

Sasa inakuwaje ajali ikitokea leo barabara ya Arusha, majeruhi anashonwa, anafungwa plasta, anaruhusiwa, na hakuna anayemuuliza analalaje?

Wahudumu wa afya ngazi ya jamii tunao, wanapita nyumba kwa nyumba. Naiomba Manispaa iwafundishe kazi hii, na wapate mtu wa kuwasimamia. Ianze hata na wawili kila kata.

Msomaji wako,
Pasua, Moshi