Tiki tunayoiweka bila kujua tumekubali nini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jinsi tovuti zinavyochukua taarifa binafsi za watu bila kuwaeleza zitatumikaje, jambo ninalokutana nalo karibu kila siku katika stesheneri yangu hapa Moshi, ambako pamoja na kutoa fotokopi na kupiga picha za pasipoti, huwajazia watu fomu za mtandaoni.

Miezi michache iliyopita alikuja kijana wa Pasua, mgumu wa mlimani, yaani mpagazi wa mizigo ya watalii, akitaka nimwandikishe kwenye tovuti ya kampuni moja ya utalii ili awemo katika orodha ya wapagazi wa msimu. Fomu ilitaka jina, simu, namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA), picha ya kitambulisho pande zote mbili, hali ya afya, kabila na dini. Suala la afya nililielewa, kwa kuwa mtu anayepanda kuelekea kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895, akiwa na ugonjwa wa moyo anahatarisha maisha yake. Ila dini ilinishangaza, kwani sijasikia mzigo wa kilo 20 unaobebwa kwa dhehebu, na bado sehemu hiyo ilikuwa na nyota nyekundu, yaani usipoijaza huendi mbele.

Mwisho wa fomu kulikuwa na kisanduku cha kuweka tiki kuthibitisha kwamba mwombaji ameisoma na kuikubali sera ya faragha, yaani maelezo ya jinsi kampuni inavyozitumia taarifa za watu. Nikaifungua. Ilikuwa ndefu, yote kwa Kiingereza, na katikati yake ilieleza haki za wakazi wa jimbo la California, Marekani. Kampuni yenyewe ipo hapa hapa mjini, na naamini aliyeinakili sera hiyo hakuisoma. "Kaka, hapo wanasemaje?" kijana akaniuliza. Nikamjibu kwamba wanasema watazitunza taarifa zake, nikaweka tiki, tukaendelea. Jibu lile limenisumbua tangu siku hiyo, kwa sababu sikuwa nimeona popote palipoandikwa hivyo.

Sheria tunayo. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha ya mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa amweleze mhusika, kabla ya kuzichukua, zinachukuliwa kwa kusudi gani na nani watazipokea. Afya, dini na asili ya mtu zimewekwa katika kundi la taarifa nyeti, ambazo kwa kawaida hazichakatwi bila idhini ya maandishi ya mwenyewe. Ni idhini gani basi anayoitoa mtu aliyewekewa nyota nyekundu na kurasa za lugha asiyoisoma, huku akitafuta kazi?

Wapo wanaosema namba ya kitambulisho si siri, kwa kuwa tunaitoa kila mahali. Hebu mtu aitazame ya kwake: katika tarakimu zile 20, nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku yake ya kuzaliwa. Ukiambatanisha na jina, simu na picha ya kadi, umemkabidhi usiyemjua karibu kila kitu anachoulizwa mtu anapotakiwa kuthibitisha kwamba yeye ni yeye.

Hata asiyejaza fomu huacha alama. Tovuti hupokea anwani ya IP ya kifaa chake, yaani namba inayokitambulisha mtandaoni, saa aliyoingia na kurasa alizofungua, na mara nyingi huweka katika simu yake kidakuzi, faili dogo la maandishi linalomtambulisha akirudi. Hilo si kosa, na tovuti nyingi haziendi vizuri bila hivyo, lakini mgeni aambiwe, na aambiwe pia kama kumbukumbu hizo zinapelekwa kwa watangazaji wa biashara.

Ninachoomba kwa makampuni ya Moshi na Arusha hakihitaji fedha nyingi. Kando ya kila swali nyeti kuwe na sentensi moja ya Kiswahili inayoeleza linaulizwa kwa nini na jibu litafutwa lini, na lisilo na sababu liondolewe. Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi nayo, inapokagua waliosajiliwa kukusanya taarifa, isiridhike kuona kwamba ukurasa wa faragha upo, iusome.

Wiki mbili baada ya siku ile kijana alianza kupokea ujumbe wa mikopo kutoka namba asizozifahamu, ukimwita kwa majina yake matatu. Siwezi kuthibitisha kwamba majina hayo yalitoka kwenye fomu ile. Sheria inampa haki ya kujua taarifa zake zinatumikaje na kuzuia zisitumike kwa matangazo, kwa hiyo tuliandika pamoja barua pepe kwa anwani iliyotajwa kwenye sera ile. Ilirudi dakika hiyo hiyo, ikisema anwani hiyo haipo.

Msomaji wako,
Mwenye stesheneri,
Moshi, Kilimanjaro.