Malalamiko kuhusu boila ya kuni mliyotufungia bwenini Ngaramtoni

Bweni la Wasichana,
Ngaramtoni, Arusha.
24 Julai 2025

Meneja,
Kitengo cha Mauzo na Ufundi,
Arusha.

Ndugu Meneja,

YAH: BOILA YA KUNI ISIYOFIKISHA MAJI YA MOTO WAKATI WA BARIDI

Husika na kichwa cha barua hapo juu.

Ninaandika kwa niaba ya wasichana 86 wa kidato cha kwanza hadi cha nne wanaolala katika bweni letu. Tangu Juni wanaoga maji ya vuguvugu, na asubuhi nyingine maji ya baridi kabisa, ilhali nyuma ya bafu lao kuna boila mpya mliyotuuzia na kutufungia ninyi wenyewe kwa shilingi 14,600,000. Fedha hizo ni michango ya wazazi, wengi wao wakulima wa kahawa, mahindi na maharage wa huku huku mlimani. Tumewalipa zote. Lakini hatujapata vifaa vyote tulivyolipia, na hilo ndilo lililonifanya niandike.

Kila tunapowapigia simu tunapewa jibu moja: kuni zetu ni mbichi. Fundi wenu alipokuja alifungua mlango wa boila, akatazama moshi, akasema "kuni mbichi", akaondoka. Hakugusa bomba hata moja wala hakuomba kuona kuni zenyewe zilipo. Ninaomba barua hii imalize neno hilo la kuni mbichi ili tuzungumzie tatizo lenyewe.

Kuni tunazochoma ni mkaratusi na mgrevilea. Zilipasuliwa Septemba mwaka jana, zikapangwa kwenye banda lenye bati juu na pande zilizo wazi ili upepo upite. Sisi ni majirani wa Chuo cha Misitu Olmotonyi. Watu wa huku wanajua kuni kavu ni ipi. Hata hivyo sikutaka tubishane kwa macho. Niliazima kipimo cha unyevu kwa fundi seremala, tukapasua vipande upya na kupima katikati, si juu ya gamba. Vilisoma kati ya asilimia 17 na 19. Mwongozo uliokuja na boila yenu unataka unyevu usiozidi asilimia 20. Mti uliokatwa leo unaweza kuwa na maji karibu nusu ya uzito wake, na joto jingi la moto wake huishia kuyageuza maji hayo kuwa mvuke. Kuni za aina hiyo hazimo bandani kwetu. Picha za kipimo nimeziambatanisha.

Sasa niende kwenye mambo ambayo fundi wenu hakuyatazama.

Mlipokuja kutushawishi, ofisa wenu wa mauzo alisema mbele ya kamati ya wazazi kwamba boila za namna hii hukaa nje ya nyumba huko Canada na kaskazini mwa Marekani, kwenye theluji, na kwa hiyo baridi ya Arusha haitazisumbua. Kuhusu huko kwao alisema kweli. Boila hizo hukaa uani mwezi mzima wa Januari, joto la nje likiwa nyuzi 20 chini ya sifuri, na nyumba inabaki na joto. Lakini zinaweza kwa sababu zinazojulikana. Maji yaliyo ndani ya koti la chuma linalozunguka moto hayabadilishwi: ni yale yale mwaka baada ya mwaka, yakiwa na dawa ya kuzuia kutu. Maji ya kuoga hupita pembeni, kwenye koili, yaani bomba lililoviringishwa, yakachukua joto bila kuchanganyika na yale ya ndani. Mabomba yanayokwenda nyumbani huzikwa yakiwa yamevishwa insulesheni, yaani kizuia joto, nene na isiyopitisha maji. Na maji yanayorudi kwenye boila hayaachwi yarudi yakiwa baridi. Kuna valvu inayoyachanganya kwanza na ya moto.

Ninyi mmetuletea tanuri la chuma la nchi za theluji, mkaacha kufunga vile vitu vinavyoliwezesha kufanya kazi kwenye baridi.

Profoma yenu, yaani ankara ya awali ya vitu mlivyotuuzia, ambayo nakala yake ipo hapa, ina "koili ya shaba ya kupashia maji ya matumizi". Koili hiyo haipo. Mafundi wenu waliunganisha bomba la maji ya mamlaka moja kwa moja kwenye koti la boila, kisha kutoka kwenye koti hadi bafuni. Maana yake ni kwamba kila alfajiri maji mapya, yenye hewa ndani yake, yanaingia kwenye chuma tupu, na chuma kinakula kutu kila siku. Tayari maji ya kwanza ya asubuhi yanatoka na rangi ya kahawia, na blauzi nyeupe zilizofuliwa kwa maji hayo zina madoa yasiyotoka. Kama ndani ya miezi michache hali ni hii, boila ambayo mlituambia itadumu miaka 15 itafika wapi?

Lipo na tatizo la maji baridi yanayoingia ghafla. Wasichana huamka saa kumi na nusu. Kila mmoja akichota ndoo ndogo ya lita 10 achanganye na ya baridi, ni zaidi ya lita 800 ndani ya muda mfupi, na kiasi hicho hicho kinaingia kutoka bomba la nje kikiwa na nyuzi 16 hivi. Joto la koti linashuka kutoka nyuzi 70 hadi chini ya 30 huku moto bado unawaka upande wa pili wa bati. Moshi unapogusa chuma kilichopoa, unyevu wake unageuka matone na kuchanganyika na masizi. Ndiyo maana kuta za ndani zimejaa utando mweusi unaonata kama lami, na ndiyo maana kiungo cha dohani kinachuruzika. Mwongozo wenu umeandika wazi kwamba maji yanayorudi yasiwe chini ya nyuzi 60. Hakuna valvu mliyofunga ya kulinda kiwango hicho. Utando huo ukishika moto ndani ya dohani, ubavuni kuna paa la jiko, na baada ya jiko kuna chumba wanacholala watoto.

Kuhusu mabomba, niwaeleze tulichokipima. Jioni moja tuliacha moto uzime kabisa, tukafunga mabomba yote ya bafuni, tukaiacha pampu ya mzunguko ikizunguka kama mlivyotuagiza. Saa nne usiku maji yalikuwa nyuzi 72. Saa kumi alfajiri yalikuwa nyuzi 41. Hakuna aliyechota hata kikombe. Lita 1,000 za tangi letu la akiba zikishuka nyuzi 31 zimepoteza joto la karibu kilo 9 za kuni kavu, na hapo ninahesabu kana kwamba hakuna joto linalopotea kwenye dohani, jambo lisilowezekana kwa boila yoyote. Kwa hali halisi ni kama mara mbili ya hapo. Kuni hizo hazikumwogesha mtu. Zilipasha udongo joto.

Tulichimba kidogo kuona. Bomba la mita 35 kutoka boila hadi bafuni, pamoja na lile la kurudi, yamelala kwenye udongo mtupu bila insulesheni yoyote, na udongo wa huku Julai haukauki. Majani juu ya mtaro yananyauka, na mbwa wa mlinzi analala hapo usiku kwa sababu ndipo penye joto. Profoma inataja insulesheni ya mabomba "urefu wote", na tumeilipia. Vilevile inataja tangi la akiba la lita 1,000 "lenye koti la kuzuia joto". Lililopo ni tangi la chuma lililopakwa rangi ya fedha. Ukiweka kiganja juu yake usiku unajua mara moja joto linakokwenda.

Mnielewe pia kuhusu ushauri wenu kwamba tuuache moto ndani mchana kutwa "ili boila isipoe". Katika nchi za baridi kali nyumba inavuta joto usiku na mchana, kwa hiyo moto una kazi ya kufanya. Bweni letu linahitaji joto mara mbili: alfajiri na jioni baada ya michezo. Saa nyingine zote themostati, kifaa kinachodhibiti joto, inafunga mlango wa hewa, kuni zinafukuta bila mwali, na moshi mzito unatoka. Wingu la Meru likiwa limeshuka, moshi huo haupandi. Unalala kwenye migomba na kuingia nyumba za majirani, na mama mmoja mwenye mtoto mchanga amekuja mara kwa mara kunilalamikia. Ana haki. Huko Marekani mamlaka ya mazingira iliweka viwango vya moshi kwa boila mpya za aina hii mwaka 2015, kisha vikakazwa mwaka 2020, kwa sababu ya moshi wa namna hiyo hiyo. Ninaomba mtuonyeshe karatasi za majaribio ya moshi za boila hii, kama zipo. Njia inayotufaa ni kuwasha moto mkali kwa saa chache, joto likahifadhiwa kwenye tangi lenye koti, kisha moto ukaachwa uzime. Ndiyo sababu tulilipia tangi lenye koti.

Jambo moja haliwezi kungoja mazungumzo. Umeme ukikatika, pampu inasimama na maji ndani ya koti yanaendelea kupanda joto. Kwa mwinuko wetu maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, kwa hiyo hayachukui muda kufika huko. Valvu ya usalama inafunguka, na hapo haina kosa. Lakini mdomo wa bomba lake umeelekezwa usawa wa kifua, upande ule ule anakosimama mzee anayechochea kuni. Mwezi huu umeme ulikatika usiku, mvuke ukatoka, na mzee alinusurika kwa sababu alikuwa ameinama kuokota gogo. Bomba hilo lilipaswa kushushwa hadi karibu na ardhi tangu siku ya kwanza. Nilipompigia fundi wenu alisema "mwambieni asikae upande huo". Mlango wa kuingizia kuni uko upande huo. Akae wapi?

Sitaki mfikiri malalamiko haya ni ya watu waliozoea raha. Julai huku alfajiri kipimajoto chetu cha ukutani kinasoma nyuzi 10 hadi 12, na sakafu ya bafu ni saruji. Nina wasichana wenye pumu. Nina wasichana walio kwenye siku zao ambao maji ya moto kwao si anasa. Siku ambazo maji hayapo wanaacha kuoga, wanaingia darasani wakiwa wamejikunyata, na wengine wananiambia wanaumwa ili wabaki kitandani. Tunarudi kuchemsha masufuria jikoni kwa kuni za ziada, na wasichana wanabeba maji yanayochemka gizani kupitia ngazi zenye umande. Boila tuliinunua ili jambo hilo likome.

Kwa hiyo tunadai haya. Bomba la valvu ya usalama lishushwe ndani ya juma hili, bila masharti wala malipo. Kabla ya Agosti 15 mfunge koili ya shaba, mvishe tangi koti lake, mfukue mabomba na kuyavisha insulesheni isiyoingiza maji, na mfunge valvu ya kuchanganya maji yanayorudi kwa gharama yenu, kwa kuwa mwongozo wenu wenyewe unaitaka. Dohani na kuta za ndani zisafishwe na mafundi wenu, kisha koti lijazwe maji yenye dawa ya kutu. Baada ya hapo tupime pamoja, nikiwa mimi, fundi wenu na mjumbe wa kamati ya wazazi: maji yakiwa nyuzi 70 saa nne usiku, moto ukiwa umezimwa, yasiwe chini ya 60 saa kumi alfajiri. Tukikubaliana hilo kwa maandishi, hakuna atakayebishana tena kuhusu kuni.

Kama hamwezi kukamilisha kazi hiyo, tunataka boila iondolewe na fedha zetu zote zirudishwe. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inamlinda mnunuzi aliyemweleza muuzaji kazi anayoihitaji na kutegemea utaalamu wake. Sisi tuliwaeleza: idadi ya wasichana, saa za kuoga, umbali wa bafu na miezi ya baridi. Yote yameandikwa kwenye fomu yenu ya ukaguzi wa eneo, yenye saini ya ofisa wenu. Tarehe niliyotaja ikipita bila kazi, shauri tutalipeleka Tume ya Ushindani, na suala la bomba la mvuke kwa Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi.

Msimtume tena fundi wa kutazama moshi. Aje mtu mwenye mamlaka ya kuamua, aje alfajiri saa kumi na nusu wasichana wakiwa bafuni wakichota maji, na aje na profoma yake mkononi. Nitakuwepo.

Ninasubiri majibu yenu kwa maandishi.

Matroni wa Bweni

Nakala: Mkuu wa Shule, Mwenyekiti, Kamati ya Wazazi
Viambatanisho: profoma, risiti za malipo, picha za kipimo cha unyevu, picha za mtaro na dohani