Jahazi lililokwama na ufa wa mwamba

Mji wa Kale, Mombasa

Shoga yangu Zuhura,

Salaam nyingi. Barua yako ya Naivasha imenifika. Unauliza kama maji yanayorudishwa ardhini kwenye visima vya mvuke wa kuzalishia umeme yanaweza kuleta tetemeko. Yanaweza, ila inategemea yanaingia wapi na kwa nguvu gani. Tangu usiku ule wa tetemeko la 12 Agosti 2020, vikombe vilipolia kabatini, jambo hili halijanitoka moyoni.

Unakikumbuka kisima chetu cha uani? Siku za bamvua maji yake hupanda, lakini hayapandi pamoja na bahari. Bahari hujaa kwanza, kisima kikafuata baadaye, maana msukumo hupita kwenye nyufa za matumbawe na safari hiyo ina muda wake. Na ufa ukipanuka mara mbili tu, kwa msukumo uleule, maji yanayopita huwa mara nane!

Sasa shuka kilomita kadhaa. Huko kuna nyufa kubwa ambazo pande zake zinavutana miaka na miaka, hazitelezi kwa sababu zimebanwa na uzito wa mwamba. Wengi husema maji huzilainisha kama mafuta. Mimi naona jahazi lililokwama mchangani. Maji yakiwa yamekupwa, wanaume ishirini hawalitikisi. Yakianza kujaa, hata kabla halijaelea, wachache hulisogeza, kwa kuwa maji yameshalibeba kiasi. Ndani ya ufa ni vivyo hivyo: maji husukuma kuta, mbano hupungua, na ile nguvu iliyokuwapo siku zote hushinda. Mwamba ukateleza, nasi juu tukatikisika.

Karibu na Denver, Marekani, jeshi lilichimba kisima cha zaidi ya mita 3,600, na mwaka 1962 likaanza kumimina humo maji machafu ya kiwanda cha silaha za kemikali. Mitetemeko ikaanza mwaka huohuo. Februari 1966 wakaacha. Hapa soma polepole, Zuhura: mitetemeko mikubwa kuliko yote ilikuja 1967, kisima kimenyamaza zaidi ya mwaka. Msukumo ulikuwa bado safarini.

Pohang, Korea Kusini, walilazimisha maji kwa nguvu kwenye mwamba mgumu ili waupasue wapate joto. Tarehe 15 Novemba 2017, miezi miwili hivi baada ya kuacha, likapiga tetemeko la ukubwa wa 5.5, watu wakaumia na nyumba zikabomoka. Kurudisha maji polepole pale yalipotolewa si sawa na hilo, kwani yanajaza nafasi yake. Ndiyo maana sikutishi.

Lakini ukisikia mtikisiko, niandikie siku na saa. Kisha waulize wanaorudisha maji ardhini habari za miezi iliyopita, si za leo peke yake.

Mama anakusalimu, na halua yako nimeshaifunga.

Wako,
Mwanaisha