Bima ya kazini si yako: jiunge na ya kwako ukiwa bado mzima

"Kazini wananilipia bima ya afya. Nyingine ya nini?" Hilo ndilo swali tunaloulizwa na karibu kila mwajiriwa, na wengine wana kadi nzuri kuliko zetu sisi mawakala. Lakini mkataba wa kadi hiyo ni kati ya mwajiri na kampuni ya bima. Wewe ni jina tu kwenye orodha. Ukiacha kazi au ukipunguzwa, jina hufutwa. Kadi itabaki mfukoni, ila mapokezi ya hospitali hawataipokea.

Hapo ndipo watu hukimbilia bima binafsi na kugongana na kipindi cha kusubiri, yaani muda ambao unalipia bima lakini yenyewe bado haikulipii matibabu. Katika mikataba mingi ajali hulipiwa mara moja. Kulazwa kwa ugonjwa wa kawaida husubiri takriban siku 30. Uzazi huweza kufika miezi 10 au 12, kwa hiyo aliye na mimba tayari amechelewa. Kisukari, presha au pumu uliyojiunga nayo mara nyingi husubiri mwaka, na hata baadaye huwekewa kikomo chake. Muda huo huhesabiwa tangu bima ilipoanza, si tangu ulipougua. Anayejiunga akiwa kazini na mwenye afya humaliza kusubiri huku bado akitibiwa kwa kadi ya mwajiri.

Na SHA, bima ya afya ya serikali ya Kenya, je? Ilichukua nafasi ya mfuko wa zamani wa NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, na kuilipia ni lazima kisheria. Mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara kabla ya makato mengine. Kwa Sh50,000 ni Sh1,375. Aliyejiajiri hutozwa kulingana na makadirio ya mapato ya kaya yake, si chini ya Sh300 kwa mwezi, ila anatakiwa kulipa ya mwaka mzima kwa mkupuo. Huo mkupuo ndio unaowalemea mama mboga na watu wa boda kuliko kiwango chenyewe, na ndiyo sababu serikali ilileta mpango wa Lipa SHA Pole Pole.

Hatumwambii mtu aache SHA. Tunamwambia aangalie inapoishia. Kwa kujifungua, viwango vilivyotangazwa ilipoanza ni Sh10,000 kwa njia ya kawaida na Sh30,000 kwa upasuaji. Katika hospitali ya umma pesa hizo zaweza kutosha. Katika hospitali nyingi za kibinafsi mjini, kilichozidi unakitoa wewe, na bima binafsi ni ya kuziba pengo hilo.

Pesa zikiwa chache, chukua ya kulazwa peke yake. Ya wagonjwa wa nje hupandisha bei sana, na dawa ya mafua unaweza kujinunulia. Bili ya ICU, wodi ya wagonjwa mahututi, ndiyo inayouza shamba na kufungua kundi la WhatsApp la mchango. (Kamisheni yetu ingekuwa kubwa zaidi ukinunua zote mbili, lakini ushauri ndio huo.)

Ukija ofisini, njoo na kitambulisho, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na karatasi za daktari kama una ugonjwa wa kudumu. Usiufiche kwenye fomu ili upunguziwe bei. Kampuni huomba rekodi za hospitali dai linapokuwa kubwa, na ikikuta uliandika "hapana" palipostahili "ndiyo", inaweza kukataa kulipa hata kama hujawahi kukosa malipo.