Barua kwa Mwanangu Aliyekabidhiwa Kichujio

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Kisumu. Sisi hapa tu wazima. Nyanya yako aliposikia kwamba umetolewa kwenye kuosha kegi na kukabidhiwa kichujio katika kiwanda chenu kidogo hapo Nakuru, alishangaa kwamba kuna mtu anayelipwa kwa kuchuja pombe, maana busaa aliyoijua yeye ililetwa mbele ya watu ikiwa chunguni pamoja na machicha yake. Nilimkumbusha kwamba hata wazee wake walichuja. Walioketi kuzunguka chungu walinyonya kwa mirija mirefu, ile ambayo Wajaluo huiita oseke, na mwishoni mwa mrija palikuwa na kichujio kidogo kilichosukwa, kikabakiza unga na maganda ya wimbi chunguni na kupitisha kinywaji peke yake. Tofauti ni kwamba busaa huisha siku ileile au kesho yake, ilhali bia yenu itakaa ndani ya chupa kwa wiki nyingi, na mnywaji ataitazama kwenye glasi kabla hajaionja.

Mimi niliifanya kazi hiyo kwa miaka 11, na jambo ninalotaka ulishike kabla ya mengine yote ni kwamba kichujio hakiponyi bia. Bia iliyoingia na ladha ya siagi kwa sababu hamira iliondolewa mapema mno itatoka na ladha ileile, ila sasa itakuwa inang'aa, nawe utakuwa umetumia saa nne kung'arisha kosa. Kwa hiyo uchujaji wako unaanza kwenye tangi la baridi, siku kadhaa kabla hujaigusa pampu. Chembe moja ya hamira ina upana wa maikroni 5 hadi 10, na maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Ni ndogo, lakini ina uzito wake, na bia ikiachwa itulie kwenye nyuzi sifuri au karibu na hapo kwa wiki moja au zaidi, sehemu kubwa ya hamira hujilaza chini yenyewe. Fungua vali ya chini polepole, uyatoe mashapo hayo mpaka uone kwamba kinachotoka ni bia. Ukiyaacha, yatakwenda kuziba kichujio chako katika nusu saa ya kwanza.

Baridi hiyo ina kazi ya pili ambayo wanaoanza huisahau. Protini za kimea na tanini zitokazo kwenye maganda ya nafaka na kwenye hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu, hushikana bia inapopoa, zikafanya ukungu mwembamba, na bia ikipata joto ukungu huo huyeyuka tena usionekane. Ukichuja bia ikiwa na nyuzi nane, ukungu utapita kwenye kichujio ukiwa umejificha, kisha utajitokeza kwenye friji ya mteja. Hapa Kisumu, ambako mpira wa kupitishia bia ukilala juani dakika kumi tayari umepasha joto kilichomo, tulichuja alfajiri na kuifunika mipira yote kwa magunia yaliyoloweshwa. Nakuru iko juu zaidi na asubuhi zake ni za baridi, lakini usiiamini hali ya hewa. Amini kipimajoto kilichochomekwa kwenye bia yenyewe, pale inapoingia na pale inapotoka.

Wapo wanaosaidia utuaji huo kwa dawa inayotokana na kibofu cha hewa cha samaki, desturi ya zamani ya watengenezaji bia wa Uingereza. Sisi tuliozaliwa kando ya ziwa tunakijua kibofu hicho kwa jina la mabondo, na umeona mwenyewe jinsi mabondo ya mbuta yanavyouzwa kwa bei inayoishinda minofu yake. Nalitaja hili ili usiidharau kazi ya kutulia.

Sasa tuje kwenye mtambo. Karatasi nzito zinazopangwa kati ya sahani zina upande wa kukwaruza na upande laini, na bia sharti iingilie ule wa kukwaruza na kutokea ule laini. Karatasi moja ikigeuzwa, chembe zake zitaingia kwenye bia uliyokwisha kuisafisha. Pitisha vidole juu ya kila karatasi unapoipanga, hata kama umezipanga mara mia. Kisha pitisha maji safi mpaka ukiyaonja yasiwe na ladha ya karatasi, halafu maji ya moto ya nyuzi 80 au zaidi kwa muda wa dakika 20 au 30, uyapime pale yanapotoka, na baada ya hapo uikaze skrubu kubwa tena, kwa sababu karatasi zilizolowa kwa moto hulegea.

Uliniambia kwamba mnatumia pia ile poda nyeupe. Hiyo ni daiatomaiti, na huna haja ya kwenda mbali kuona inakotoka: ukiwa kwenye barabara kuu kutoka Gilgil kuja Nakuru, pale Kariandusi karibu na Ziwa Elmenteita, kuna machimbo yenye kuta nyeupe kama chaki. Ni mabaki ya mimea midogo isiyoonekana kwa macho, iliyoishi katika ziwa la kale na kujijengea magamba ya silika. Ilipokufa magamba yakalala tabaka juu ya tabaka kwa maelfu ya miaka. Kila gamba lina vitundu, na magamba hayo yakirundikana huwa njia yenye kona nyingi ambamo bia hupita na hamira hukwama. Ndiyo maana tunaitandika kwanza poda hiyo kwa maji yanayozunguka mpaka ifanye utando ulio sawa, kisha tunaendelea kuitia kidogo kidogo ndani ya bia, ili utando uzidi kunenepa na njia zisizibe.

Hapa nakuomba kama mzazi. Poda ya kuchujia bia mara nyingi imechomwa kwenye tanuri, na kuchomwa huko hugeuza sehemu ya silika yake kuwa fuwele, ambazo zikivutwa kwa miaka huyakomaza mapafu yakawa na makovu yasiyopona. Usiufungue mfuko bila barakoa inayobana uso barabara. Kitambaa cha kawaida hakitoshi. Mimina poda chini chini karibu na maji, na iliyomwagika sakafuni uiloweshe kabla ya kuifagia. Mwenzako akikucheka, mwache acheke.

Adui mwingine ni hewa. Oksijeni ikiingia wakati wa kuchuja, bia itakuwa nzuri wiki ya kwanza, kisha itaanza kuwa na ladha ya karatasi iliyolowa, na hamira ambayo ingeweza kuila oksijeni hiyo wewe umekwisha kuiondoa. Jaza kichujio maji yaliyoondolewa hewa kabla ya kuleta bia, na tangi la kupokelea lijazwe gesi ya kaboni dayoksaidi tangu chini. Tangi hilo lishike shinikizo wakati wote, la sivyo gesi iliyomo ndani ya bia itatoka kwa povu katikati ya karatasi.

Nikueleze lililonipata mwezi wangu wa pili kazini. Tulikuwa tumefika katikati ya tangi la lita 1,200 stima ilipopotea. Pampu ilisimama, na utando wa poda, ambao hushikiliwa mahali pake na msukumo wa bia inayopita, ukabomoka na kuanguka ndani ya fremu. Sikujua. Stima iliporudi baada ya dakika tano niliwasha pampu kwa haraka, nikiona nimechelewa, na bia ikaenda moja kwa moja kwenye tangi la bia safi ikiwa imebeba poda na hamira. Nilipochungulia kwenye kidirisha cha kioo cha bomba la kutokea, ilikuwa rangi ya uji. Tuliichuja tena yote usiku kucha, na nililia, si kwa kukaripiwa, bali kwa sababu bia iliyopitishwa mara mbili hupoteza harufu yake, na mpishi wetu alikuwa ameihangaikia wiki sita. Kwa hiyo pampu ikisimama kwa sababu yoyote, funga kwanza vali ya kutokea. Ukiwasha tena, zungusha bia irudi ilikotoka mpaka kioo kiwe safi, ndipo uielekeze kwenye tangi.

Geji mbili za shinikizo, ya kuingilia na ya kutokea, zisome kila dakika kumi na uandike daftarini. Tofauti kati yake ikipanda taratibu, kazi inakwenda vizuri. Ikipanda ghafla, umevuta mashapo ya chini ya tangi. Ikishuka ghafla, usifurahi, kwa maana pana mahali pamepasuka. Wala usiongeze mwendo wa pampu ili uwahi nyumbani. Karatasi zetu 20 za sentimita 40 kwa 40 zilipitisha lita 300 hivi kwa saa, na siku tulipozilazimisha kupitisha zaidi, bia ilitoka na ukungu.

Ukimaliza tangi lako la kwanza, tenga chupa sita. Tatu ziweke kwenye friji na tatu kwenye kabati lenye joto, na baada ya wiki nne uzipoze zote kwa siku moja, uzimimine kwenye glasi zinazofanana mbele ya dirisha. Za kabatini zikiwa na ladha ya karatasi, hewa iliingia; zote zikiwa na ukungu, ulichuja kabla bia haijapoa vya kutosha. Niandikie ulichokiona, na chupa mbili unitunzie. Nitakuja Nakuru na wadogo zako shule zikifungwa mwezi wa Agosti.

Ni mimi, mama yako.